Baada ya Matanga: Somo Kuhusu Usimamizi wa Mirathi Katika Maeneo ya Mpakani



Miongoni mwa malalamiko yanayofikishwa kwenye madawati ya polisi jamii katika miji ya mpakani kama Busia, Malaba na Mutukula, yapo yanayoanza kwa maneno yaleyale: "Afande, tulipokuwa tumemaliza kuzika..." Kinachofuata hutofautiana. Mjane ameamka akakuta duka limetiwa kufuli jipya. Watoto wamesikia kwa majirani kwamba shamba la baba yao limekwisha kuuzwa na baba mdogo. Pikipiki ya marehemu imevushwa mpaka usiku na haijulikani iliko. Anayelalamika huwa na machungu mawili kwa wakati mmoja, ya msiba na ya dhuluma, na mara nyingi huwa amechelewa kufika.

Somo la toleo hili linaeleza mambo ambayo familia inapaswa kuyatarajia inaposimamia mali ya mpendwa wao kwa njia ya mahakama. Tutaeleza sheria ya Uganda kwanza, kisha tutaonyesha linalobadilika pale mali ya marehemu inapokuwa pande mbili za mpaka. Jambo kuu tunalotaka kila msomaji aondoke nalo ni hili: tangu mtu anapofariki hadi mahakama itoe hati, hakuna jamaa anayeruhusiwa kuuza, kugawa wala kuhamisha mali yake, na yule atakayepewa hati hiyo hapewi mali, anapewa kazi.

Ili maelezo yaeleweke, tutatumia mfano wa familia moja ambayo tumeitunga kwa ajili ya somo hili. Mzee mmoja, raia wa Uganda, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka mjini Busia. Alikuwa na wake wawili. Mke wa kwanza anaishi upande wa Uganda pamoja na watoto watatu, na mke wa pili anaishi upande wa Kenya pamoja na watoto wawili. Mama mzazi wa marehemu yu hai, na alikuwa akitunzwa na mwanawe. Mzee amefariki bila kuacha wasia. Ameacha nyumba ya kuishi, shamba, vyumba vya kupangisha, pikipiki mbili, akiba katika chama cha kuweka na kukopa, fedha kwenye simu, na kiwanja kimoja upande wa Kenya. Ameacha pia madeni.

Watu watatu wanaochanganywa

Ugomvi mwingi huzaliwa na kuchanganya watu watatu ambao sheria inawatenganisha.

Wa kwanza ni mrithi wa kimila. Huyu huteuliwa na ukoo, mara nyingi siku ya kuondoa matanga, akavishwa vazi au kukabidhiwa mkuki na kiti cha marehemu. Heshima yake ni kubwa, nasi hatuidharau. Lakini kwa sheria ya Uganda fungu lake katika mali ya mtu aliyefariki bila wasia ni asilimia 1 tu. Kuvishwa vazi mbele ya ukoo hakumpi mtu mamlaka ya kuuza hata kuku wa marehemu.

Wa pili ni msimamizi wa mirathi. Huyu huteuliwa na mahakama. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia wenye haki na kutoa hesabu. Ikiwa marehemu aliacha wasia na kumtaja mtu wa kuutekeleza, mtu huyo huitwa mtekelezaji wa wasia, naye huiendea mahakama kuomba hati ya kuthibitisha wasia. Ikiwa hakuna wasia, mwombaji huomba hati ya usimamizi.

Wa tatu ni mnufaika, yaani mjane, mtoto, au ndugu aliyekuwa akimtegemea marehemu. Huyu ndiye mwenye haki ya kupata fungu.

Mtu mmoja anaweza kuwa wote watatu. Kijana mkubwa wa mzee wetu anaweza kuwa mrithi wa kimila, akateuliwa na mahakama kuwa msimamizi, na papo hapo akawa mnufaika kama watoto wenzake. Kosa huanza pale anapochukua heshima ya cheo cha kwanza na mamlaka ya cheo cha pili ili ale fungu la wote wa cheo cha tatu.

Siku za kwanza

Kifo kiandikishwe mahali kilipotokea. Kilichotokea hospitalini huthibitishwa kwanza na hospitali. Kilichotokea nyumbani huanzia kwa mwenyekiti wa LC I wa kijiji. Kisha familia huomba cheti cha kifo katika ofisi ya NIRA. Kibali cha kuzika si cheti cha kifo. Familia nyingi huzika kwa kibali, zikakaa miaka, na zinapofika mahakamani ndipo hugundua kwamba hazina hati inayothibitisha kwamba mtu wao amefariki. Aliyefia upande wa Kenya au Tanzania huandikishwa huko, na cheti cha huko ndicho hutumika. Kwa hiyo kiombwe mapema, kabla waliomhudumia hawajasahau na karatasi hazijapotea.

Mali nayo ilindwe. Kulinda si kuchukua. Sheria inaruhusu jamaa kulipia mazishi, kulisha familia iliyoachwa, kuvuna mazao yasiozee shambani, na kuhifadhi vitu visiibiwe. Tunashauri kwamba ndani ya siku hizo za matanga, mbele ya mjane, wazee wawili wa familia na mjumbe wa kijiji, iandikwe orodha ya kila kitu: hati za ardhi, kadi za pikipiki, vitabu vya akiba, mifugo, bidhaa dukani, wapangaji na kodi wanazolipa, wanaomdai marehemu na wanaodaiwa naye. Kila aliyekuwapo atie sahihi, na nakala zibaki kwa watu wasiopungua wawili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la siku ya tatu baada ya mazishi limewahi kuokoa kesi ambazo zingepotea miaka mitano baadaye.

Tunatoa onyo maalumu kuhusu simu. Kijana anayejua namba ya siri ya simu ya baba huona ni jambo dogo kutoa fedha zilizomo, akisema ni za matumizi ya msiba. Fedha hizo ni sehemu ya mirathi, sawa na fedha za benki. Asizitoe. Laini izimwe na ihifadhiwe, na mtandao husika uarifiwe. Salio litatolewa kwa msimamizi atakapokuwa na hati.

Kikao cha familia

Hatua inayofuata ni kikao. Wajane wote waalikwe, na watoto wote waliofikia utu uzima, wa kike kwa wa kiume, waliozaliwa ndani ya ndoa na nje yake. Sheria ya Uganda haibagui kati yao. Mtoto anayefichwa leo ndiye atakayeweka pingamizi kesho, na kesi itarudi mwanzo.

Kikao kiandike muhtasari unaoonyesha jina la marehemu na tarehe ya kifo, majina ya wajane na watoto wote pamoja na umri wao, orodha ya mali na madeni, na majina ya wanaopendekezwa kuwa wasimamizi. Ni busara kupendekeza wasimamizi wawili au zaidi wanaoaminika pande zote za familia. Ifahamike kwamba, kwa marekebisho ya Sheria ya Urithi ya mwaka 2022, mjane au mgane aliye hai hupewa nafasi ya kwanza katika usimamizi. Ukoo hauwezi kumruka mjane kwa hoja kwamba yeye ni "wa kuolewa tu".

Katika familia yetu ya mfano, ukoo ulikaa chini ya mwembe bila kumwita mke wa pili, kwa sababu "yule ni wa Kenya". Hilo ni kosa. Mpaka haufuti ndoa. Ikiwa ndoa yake ni halali, iwe ya kimila, ya dini au ya serikali, yeye ni mjane sawa na mwenzake, na wanawe ni watoto wa marehemu. Anachopaswa kufanya ni kujiandaa na ushahidi: cheti cha ndoa, barua za mahari, mashahidi, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Safari ya hati

Baada ya kikao, familia hupata barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa LC I na hupeleka taarifa ya kifo katika Ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, ile ambayo wengi huiita ya Administreta Jenerali. Makao yake ni Kampala, na huduma zake zinapatikana pia mikoani, ikiwemo Mbale kwa upande wa mashariki. Wanaokwenda wachukue cheti cha kifo, muhtasari wa kikao, barua ya LC I, vitambulisho vya taifa na nakala za hati za mali. Ofisi hufungua jalada, huwaita wahusika, huwasikiliza, na ikiridhika hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kinachotaja watu wanaoweza kuomba usimamizi. Sheria haimlazimishi mtekelezaji wa wasia wala mjane kupitia hatua hii kabla ya kwenda mahakamani. Jamaa mwingine yeyote lazima apitie. Hata hivyo, mahali palipo na mvutano, mjane naye hufaidika na jalada hilo, kwa maana wanaompinga hulazimika kueleza hoja zao mbele ya ofisa wa serikali.

Kisha ombi hupelekwa mahakamani. Mirathi ya thamani ndogo husikilizwa na mahakama ya hakimu. Ya thamani kubwa huenda Mahakama Kuu. Karani wa mahakama iliyo karibu ataeleza ombi liwekwe wapi. Tangazo hutolewa gazetini na muda wa siku 14 huachwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Asipojitokeza mtu, na mahakama ikiridhika, hati hutolewa. Akijitokeza mtu, shauri husikilizwa kama kesi nyingine, na hapo subira huhitajika.

Familia itarajie gharama halali: ada ya mahakama, malipo ya tangazo, nakala zilizothibitishwa, nauli, na ada ya wakili kwa wanaomtumia. Kila malipo yawe na risiti. Wapo watu wanaozunguka karibu na ofisi za serikali na vituo vya mpakani wakijitambulisha kuwa wanaweza "kuharakisha hati". Hati ya usimamizi hutolewa na mahakama peke yake. Anayekuuzia hati mkahawani anakuuzia kosa la jinai.

Hati ikishatoka, saa huanza kuhesabu. Ndani ya miezi 6 msimamizi hupeleka mahakamani orodha kamili ya mali, na ndani ya mwaka 1 hupeleka hesabu ya alivyoisimamia. Marekebisho ya mwaka 2022 yameweka ukomo wa miaka 2 kwa hati yenyewe, na anayehitaji muda zaidi huomba mahakama. Ukomo huu uliletwa kwa sababu inayojulikana vijijini mwetu: walikuwapo wasimamizi waliokaa na hati miaka 20, wakala kodi za nyumba, huku wadogo zao wakikua bila karo. Mnufaika anayo haki ya kudai kuonyeshwa hesabu, na msimamizi mbaya huweza kuondolewa na mahakama iliyomteua.

Nani hupata nini

Kabla ya mgawanyo, hulipwa kwanza gharama za mazishi, za usimamizi na madeni halali. Nyumba ya kuishi ya marehemu huwekwa kando: haiingii katika asilimia tutakazozitaja, bali hubaki kwa mjane na watoto. Kuwafukuza humo ni kosa la jinai.

Mali inayobaki, kwa aliyefariki Uganda bila wasia akaacha mjane, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila, hugawanywa hivi: wajane asilimia 20, watoto asilimia 75, wategemezi asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Zamani fungu la mjane lilikuwa asilimia 15. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vya sheria ya urithi vilivyowabagua wanawake, na Bunge likaja kuirekebisha sheria yenyewe mwaka 2022.

Turudi kwa mzee wetu. Tuseme mali yake ya Uganda, ukiondoa nyumba ya kuishi, ina thamani ya shilingi milioni 106, na madeni pamoja na gharama za mazishi ni milioni 6. Zinabaki milioni 100. Wajane wawili hupata milioni 20, yaani milioni 10 kila mmoja. Watoto watano hupata milioni 75, yaani milioni 15 kila mmoja, binti sawa na kaka yake, aliyeolewa sawa na asiyeolewa. Mama mzazi, kama mtegemezi, hupata milioni 4. Kijana mkubwa, kwa cheo chake cha mrithi wa kimila, huongezewa milioni 1 juu ya fungu lake la mtoto. Linganisha milioni 16 hizo na milioni 100 alizodhani ni zake alipovishwa vazi, nawe utaelewa kwa nini tunasema elimu hii inazuia damu kumwagika.

Mali inapovuka mpaka

Hapa ndipo wakazi wa mpakani hutofautiana na wenzao wa mbali. Kanuni mbili zishikwe.

Ya kwanza: ardhi hufuata sheria ya nchi iliyomo. Kiwanja cha mzee wetu kilicho Kenya hakigawanywi kwa asilimia za Uganda. Huko hutumika Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160. Mtu mwenye wake zaidi ya mmoja anapofariki bila wasia, sheria hiyo huhesabu nyumba: kila nyumba huhesabiwa watoto wake na kuongezwa mjane kama kichwa kimoja. Nyumba ya kwanza ina watoto watatu na mama yao, jumla vichwa vinne. Nyumba ya pili ina vichwa vitatu. Kwa hiyo kiwanja huhesabiwa mafungu saba, manne kwa nyumba ya kwanza na matatu kwa ya pili. Mali inayohamishika, kama fedha na vyombo, hufuata sheria ya nchi ambayo marehemu aliifanya makao yake ya kudumu.

Ya pili: hati ya mahakama ya nchi moja haina nguvu nchi ya pili mpaka itambuliwe huko. Msimamizi mwenye hati ya Uganda asiende benki ya Kenya akategemea kupokewa. Njia ipo: hati huwasilishwa katika mahakama ya nchi ya pili ili ipigwe muhuri upya, na baada ya hapo hutumika kana kwamba ilitolewa huko. Kenya na Uganda zote zina sheria ya kuruhusu jambo hili. Familia inaweza pia kufungua ombi jipya upande wa pili. Kwa Kenya itarajie barua ya chifu inayotaja warithi, tangazo katika Gazeti Rasmi la Kenya lenye muda wa siku 30 wa kupinga, na kuthibitishwa kwa hati baada ya miezi 6. Kwa Waislamu wa Kenya, Mahakama ya Kadhi ina mamlaka ya kusikiliza mirathi yao. Kwa Tanzania, familia nyingi huanzia Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alikokuwa akiishi, zikiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo, na msimamizi huko hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi 4.

Uraia nao uangaliwe. Nchini Uganda asiye raia hamiliki ardhi ya mailo wala ya umiliki wa kudumu. Huruhusiwa kukodishiwa kwa muda usiozidi miaka 99. Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, nayo imeweka ukomo wa miaka 99 kwa asiye raia. Tanzania hairuhusu asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Hili halimnyimi mtoto urithi wake, lakini hubadilisha namna ya kuupokea: pengine apate ukodishaji, au fungu lake liuzwe na msimamizi kwa idhini ya wenzake apewe fedha. Familia yenye watoto wa uraia tofauti imwone wakili kabla ya kugawa, si baada yake.

Kazi ya polisi, na isiyo kazi yetu

Wananchi wengi hutujia wakitaka tuamue nani mrithi. Hatuna mamlaka hayo. Polisi hawagawi ardhi, hawateui msimamizi, hawatunzi hati za ardhi za watu, na hawamtoi mtu katika nyumba bila amri ya mahakama. Ofisa anayefanya hivyo ashtakiwe kwa wakubwa wake.

Kazi yetu ni makosa ya jinai yanayotendwa kwa kisingizio cha mirathi. Tuleteeni taarifa mtu anapouza au kuhamisha mali ya marehemu bila hati. Anapomfukuza mjane au watoto katika nyumba ya kuishi. Anapoghushi wasia, barua ya LC I au cheti cha kifo. Anapobomoa nyumba, kukata mazao au kuswaga mifugo. Na anapotoa vitisho. Taarifa hupokelewa bila malipo. Dai namba ya jalada na uihifadhi. Mjane au mtoto aliye hatarini aulize Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia kilichopo kituoni.

Kwa chombo au mifugo inayovushwa mpaka, saa chache zina maana kubwa. Pikipiki ya mzee wetu, ikiripotiwa asubuhi ileile pamoja na namba ya usajili na ya injini, huweza kufuatiliwa na wenzetu wa upande wa pili ingali nzima. Ikiripotiwa baada ya arobaini, huwa imekwisha kuwa vipuri. Hii ni sababu nyingine ya kuandika daftari mapema.

Mgogoro wa ardhi ambao bado haujawa kosa la jinai upelekwe kwa wazee, kwa LC, kwa Msimamizi Mkuu au mahakamani. Anayehofia kwamba ardhi itauzwa kabla ya haki kuamuliwa anaweza kuweka zuio katika ofisi ya ardhi na pingamizi mahakamani.

Neno kwa wanunuzi

Anayenunua shamba la marehemu kutoka kwa mtu asiye na hati amenunua kesi. Muhuri wa LC kwenye makubaliano ya mauziano hauponyi kasoro hiyo. Kabla ya kutoa fedha, dai kuona hati ya mahakama, soma majina yaliyomo na tarehe yake, kisha uende mahakama iliyoitoa ukaithibitishe. Uliza mjane yuko wapi. Ukiambiwa "amekwenda kwao", simamisha biashara hapohapo.

Neno kwa sisi tulio hai

Yote tuliyoyaeleza huwa mepesi marehemu anapokuwa ameacha wasia. Hauhitaji utajiri. Uandikwe, utiwe sahihi mbele ya mashahidi wawili ambao wenyewe hawapewi kitu katika wasia huo, utaje mtekelezaji, na uhifadhiwe mahali ambapo mtu wa kuaminika anapajua. Usiwasahau wanaokutegemea, kwa kuwa mahakama inaweza kuwapatia matunzo hata kama wasia umewaacha. Mwenye mali pande mbili za mpaka aorodheshe kila kitu na nchi kilipo. Mwenye familia pande mbili azitambulishe angali hai. Tumeona wajane wakikutana kwa mara ya kwanza kaburini, na watoto wa baba mmoja wakipigana kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba wao ni ndugu.

Ya kukumbuka

1. Andikisha kifo na upate cheti, si kibali cha kuzika pekee.
2. Andika orodha ya mali wakati wa matanga, mbele ya mashahidi.
3. Usiuze, usigawe, usivushe kitu kabla ya hati ya mahakama.
4. Ita wajane na watoto wote kwenye kikao, wa upande huu na wa upande ule.
5. Msimamizi hutoa orodha ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1.
6. Ardhi ya Kenya hufuata sheria ya Kenya, ya Uganda ya Uganda, ya Tanzania ya Tanzania.
7. Dhuluma ikitendeka, ripoti mapema.

Maswali ya kujadili barazani

1. Katika kijiji chetu, nani hulinda mali kati ya siku ya mazishi na siku ya kuondoa matanga? Je, huandika?
2. Mrithi wa kimila akidai nyumba anayoishi mjane, mwenyekiti wa LC I afanye nini, na polisi wafanye nini?
3. Jirani ana watoto upande wa pili wa mpaka wasiojulikana na ukoo. Tumshauri nini leo, angali hai?

Baraza likishindwa kujibu swali lolote kati ya haya, mwalikeni ofisa wa polisi jamii wa kituo chenu aje mzungumze. Tutakuja.